Kabla Mashine Haijapima

Lori la tani 30 za mahindi linaposimamishwa ili shehena ipimwe sumukuvu, hakuna maabara itakayopima tani 30. Mkaguzi huchoma magunia kwa bambo, ya juu na ya chini, ya mbele na ya nyuma, mpaka apate kilo chache. Kilo hizo husagwa. Unga huchanganywa, ukagawanywa, ukagawanywa tena, kisha zikapimwa gramu 25 au 50 kwenye mizani. Gramu hizo hutikiswa ndani ya kimiminika kinachoivuta sumu itoke kwenye unga, zikachujwa, na kilichochujwa kikazimuliwa. Mwishowe kinachoingia kwenye mashine ya kupimia ni mikrolita kadhaa, kiasi kisichofika hata tone moja la maji. Kiasi hicho ndicho kitakachosema kama lori lipite au lirudi.

Watu wa Makueni na Kitui wanajua uzito wa jibu hilo. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaletea ugonjwa watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 zamu ilikuwa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania: wagonjwa 68 walihesabiwa, 20 wakapoteza maisha. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja, na mikrogramu 5 kwa aina ya B1, iliyo kali kuliko zote. Ugumu ni kwamba kuvu hawaenei sawasawa ndani ya gunia. Punje moja ya karanga inaweza kubeba sumu kwa kiwango cha zaidi ya mikrogramu 1,000,000 kwa kilo, na jirani yake akawa safi kabisa. Thomas Whitaker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, alitumia miongo kadhaa kukokotoa makosa ya namna hii katika karanga na mahindi. Hesabu zake zilionyesha kwamba kwa kawaida kosa kubwa zaidi huzaliwa wakati wa kuchota sampuli, maabara ikiwa haijaanza kazi.

Mazungumzo yoyote kuhusu roboti za maabara yanapaswa kuanzia hapo. Roboti huipokea sampuli baada ya mtu kuichota, na huikabidhi kwa mashine ya kupimia kabla mtu hajasoma namba. Eneo lake ni la katikati: kupima uzito, kumimina, kutikisa, kuchuja, kuzimua, kuhamisha kutoka chupa hii kwenda ile. Ni kazi ambayo haimo katika picha za magazeti. Mgeni rasmi anapotembezwa maabara huonyeshwa mashine kubwa ya kupimia, wala hapelekwi kwenye meza ya pembeni penye vinu, neli na chekecheke.

Na bado meza hiyo ndiyo inayokula siku. Mwaka 1991 mkemia Ronald Majors alichapisha nchini Marekani matokeo ya uchunguzi uliouliza wakemia wa maabara wanautumiaje muda wao. Asilimia 61 ya muda ilikwenda kwenye kuandaa sampuli. Kupima kwenyewe kulichukua asilimia 6.

Mfano mzuri ni mishiri, yale maharage machanga yanayolimwa Kenya kwa ajili ya soko la Ulaya. Januari 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kukagua shehena 10 katika kila 100 za maharage hayo na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya kukuta masalia ya viuatilifu yaliyovuka kikomo, dimethoeti ikiwa mojawapo. Kwa mkulima wa Kirinyaga mwenye kipande kidogo cha shamba, habari hiyo ilimaanisha kwamba mboga yake, inayonyauka kwa siku, itasubiri majibu ya maabara. Ili kupata majibu hayo maabara nyingi duniani hufuata njia iitwayo QuEChERS, iliyochapishwa mwaka 2003 na Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao. Mboga hukatwa, hugandishwa na kusagwa mpaka iwe laini. Hupimwa gramu 10 ndani ya neli ya plastiki, zikamiminiwa mililita 10 za kimiminika kiitwacho asetonitrili, na neli ikatikiswa kwa nguvu kwa dakika moja. Kisha huongezwa gramu 4 za magnesiamu salfeti na gramu 1 ya chumvi ya kawaida; magnesiamu salfeti hufyonza maji, na neli ikapata joto mkononi. Hutikiswa tena na kuzungushwa kwenye sentrifuji, na asetonitrili hujitenga juu ikiwa imebeba viuatilifu. Mililita moja ya juu huchotwa, ikasafishwa kwa unga unaonasa asidi na uchafu mwingine wa mmea, ikazungushwa mara ya pili. Hapo ndipo inapofaa kwenda kwenye mashine.

Njia hiyo imesifiwa kwa wepesi wake, na sifa hiyo ni ya haki ukiilinganisha na zilizoitangulia. Lakini tuseme sampuli za siku ni 40. Hizo ni neli 40 za kwanza, neli 40 za pili, chupa 40 za mwisho, kila kimoja na namba yake, na kila hatua ikiwa na nafasi yake ya kukosea. Mtaalamu aliyeanza saa mbili asubuhi akiwa makini si yule yule ifikapo saa kumi jioni. Wala haina maana kumlaumu. Macho huchoka, kidole gumba huuma, na akili iliyokwisha kufanya jambo moja mara 39 huanza kulifanya la 40 bila kuliangalia.

Mmoja wa waliotangulia kulijibu tatizo hili kwa vitendo hakuwa mtu wa roboti. Leonard Skeggs alikuwa mwanabiokemia wa Cleveland, Ohio, katika zama ambapo hospitali za Marekani zilikuwa zikielemewa na damu ya kupima. Wakati ule, kabla ya kupima sukari au urea, ilibidi protini iondolewe kwanza: kuongeza kemikali, kusubiri protini igande, kuchuja, kisha kupima ujazo wa kilichochujwa. Skeggs aliiondoa kazi hiyo yote mezani. Aliipitisha damu kwenye mirija ya plastiki iliyokamuliwa na pampu, sampuli moja nyuma ya nyingine, zikitenganishwa na viputo vya hewa. Kiputo kilizuia damu ya mgonjwa mmoja isichanganyike na ya anayefuata, na papo hapo kilisugua kuta za mrija kikipita. Mahali pa kuchuja aliweka utando mwembamba: molekuli ndogo za sukari na urea zilivuka, protini kubwa zikabaki upande wao. Kampuni ya Technicon ilikitoa kifaa hicho sokoni mwaka 1957 kwa jina la AutoAnalyzer. Baadaye maji ya mito, mbolea na udongo navyo vilipimwa kwa mirija na viputo vya aina hiyo.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini katika kazi ya Skeggs ni kwamba hakujaribu kuiga mkono. Hakutengeneza chuma kinachoshika karatasi ya kuchujia. Aliuliza damu inahitaji kufanyiwa nini, akatafuta njia fupi ya kukifanya. Maabara nyingi zinazonunua roboti leo huruka swali hilo. Huchukua utaratibu wa mkono, hatua kwa hatua, na kuukabidhi kwa mashine, pamoja na hatua ambazo ziliwekwa tu kwa sababu binadamu ana mikono miwili.

Njia ya pili, ile ya kuiga mkono, ilikuja robo karne baadaye. Zymark, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1981, ilikuwa na makao yake Hopkinton, Massachusetts, mji mdogo ambao wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki wanaufahamu kwa sababu mbio za marathoni za Boston huanzia hapo. Mwaka 1982 ilitoa Zymate, mkono wa roboti uliokaa katikati ya meza, ukizungukwa na vituo vyake: mizani upande huu, kitikisio kule, mahali pa kuzimulia, mahali pa kuchujia. Mkono uligeuka, ukashika neli, ukaipeleka kituo kinachofuata. Viwanda vya dawa, ambavyo hupima vidonge vile vile siku zote, vilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Kidonge kina umbo moja na uzito unaojulikana, kwa hiyo roboti ilikuwa na sehemu rahisi ya kuanzia.

Kati ya njia hizi mbili kuna kitu kidogo kilichofanya makubwa: sahani ya plastiki yenye vishimo. Gyula Takátsy, daktari wa Hungary aliyechunguza virusi vya mafua, alichonga sahani za kwanza za namna hiyo mwaka 1951, nchi yake ikiwa na uhaba wa vifaa. Sahani inayotumika leo duniani kote ina vishimo 96, safu 8 kwa 12, na kutoka kitovu cha kishimo hadi kitovu cha jirani ni milimita 9. Kwa kuwa kila kiwanda kimekubali milimita hizo 9, roboti ya Uswisi inaweza kumimina kwenye sahani iliyotengenezwa China na mashine ya Ujerumani ikaisoma. Bila makubaliano hayo, mikono yote ya chuma ingekuwa ikipapasa.

Kuna hoja mbili nzito za kuikabidhi kazi hii kwa mashine, na ya kwanza ni mwili wa mfanyakazi. Pipeti ya kawaida, kifaa cha kuvuta na kumimina kimiminika, hubonyezwa kwa kidole gumba, na kila tone hutaka kibonyezo cha kushuka na cha kutoa, mara mamia kwa siku. Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 1994 uliona kwamba wafanyakazi wa maabara waliotumia pipeti kwa zaidi ya saa 300 kwa mwaka walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya maumivu ya mikono. Saa 300 kwa mwaka ni kama saa moja na robo kwa kila siku ya kazi. Katika maabara nyingi za Afrika Mashariki huo ni mwanzo tu wa asubuhi, na bado maumivu ya gumba na kiganja huhesabiwa kama jambo la kuvumilia. Hilo peke yake lingetosha kuhalalisha mashine, hata kama isingeongeza kasi kwa sampuli moja.

Hoja ya pili ni uaminifu, na ina jina linalojulikana katika mahakama za Marekani. Annie Dookhan alikuwa mkemia katika maabara ya serikali ya jimbo la Massachusetts mjini Boston, akipima vielelezo vya dawa za kulevya vilivyoletwa na polisi. Alimaliza sampuli nyingi mno kuliko wenzake, na wenzake waliliona hilo. Ukweli ulipojitokeza mwaka 2012, ikabainika kwamba sampuli nyingi alikuwa akizitazama tu kwa macho na kuandika kwamba amezipima. Mwaka 2013 alikiri makosa na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu hadi mitano. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilifuta kesi 21,587 zilizoegemea kazi yake. Kila kesi ilikuwa na mtu ndani yake: aliyefungwa, aliyepoteza kazi, aliyekubali kosa kwa sababu karatasi ya maabara ilikuwa imekwisha kusema.

Je, roboti ingezuia hayo? Kwa sehemu, ndiyo. Mashine inayopima uzito huandika uzito huo, saa na dakika, pamoja na namba ya chupa iliyosomwa kwenye msimbopau. Haiwezi kuandika kwamba imemimina kabla ya kumimina. Mkaguzi akija miezi sita baadaye atauona mfululizo wa kazi kama ulivyokuwa. Lakini maabara ile ilikuwa na ugonjwa mwingine, wa kupima ubora wa mfanyakazi kwa wingi wa sampuli alizomaliza, na ugonjwa huo hauponywi na mkono wa chuma. Msimamizi anayetaka namba kubwa kila mwezi atazitaka namba hizo hata kwa roboti, na atakayeombwa kuruka hatua ya uhakiki ni yule yule anayeiendesha.

Mtaalamu mpya huvutwa na usahihi wa roboti, na mwenye uzoefu huogopa kitu kingine: usawa wake. Mtu akichoka hukosea huku na kule, namba zake hutawanyika, na mtawanyiko huo ni kengele. Anapopima sampuli moja mara tatu akapata majibu matatu yaliyoachana, anajua kuna jambo. Roboti iliyoelekezwa vibaya hukosea kwa namna moja mara zote 96. Majibu matatu yatafanana mpaka nukta ya mwisho, na yote matatu yatakuwa si sahihi. Kufanana kwake kutapendeza kwenye ripoti. Kwa sababu hiyo maabara makini hazimwamini msaidizi huyu bila kumkagua: humwambia amimine maji kwenye chombo kilicho juu ya mizani na kulinganisha uzito na ujazo uliotakiwa, hummiminisha rangi kwenye sahani na kupima ukolezi wa kila kishimo, huweka kati ya sampuli za wateja sampuli ambayo kiasi chake kinajulikana tayari, na nyingine isiyo na kitu kabisa.

Asetonitrili inafundisha zaidi kuhusu jambo hili kuliko hotuba yoyote. Ni kimiminika chepesi kinachogeuka mvuke haraka. Ikivutwa kwenye ncha ya pipeti, mvuke wake hujaza nafasi ya hewa iliyo juu na kuisukuma asetonitrili itoke, ikaanza kudondoka. Mkono wa roboti unaopita juu ya sahani ukiwa na ncha inayodondoka utaangusha sampuli ya huyu kwenye kishimo cha yule, na hakuna atakayeona. Mtaalamu aliyefundishwa vizuri anaijua dawa yake: huvuta kimiminika na kukirudisha mara mbili tatu kabla ya kuchukua kiasi anachokitaka, ili hewa ya ndani ya ncha ishibe mvuke kwanza. Roboti itafanya hivyo hivyo, na itafanya vizuri sana, mradi awepo mtu wa kuiambia. Ujuzi huo uliishi mkononi mwa watu kabla haujaandikwa kwenye programu.

Vivyo hivyo na vyakula vyenyewe. Parachichi lina mafuta, na mafuta hayo yasipoondolewa huchafua mashine. Chai iliyokaushwa haina maji ya kutosha, lazima iongezewe maji kabla ya asetonitrili, na rangi yake hung'ang'ania mpaka mwisho. Kitunguu kina salfa inayovuruga usomaji. Udongo wa mfinyanzi hushikamana ukipata unyevu. Programu iliyoandikiwa mishiri haiwezi kupewa parachichi la Njombe kana kwamba ni mboga ile ile. Anayejua tofauti hiyo ni mtu aliyewahi kuosha kinu baada ya kusaga vyote viwili.

Kazi mbili za miaka ya karibuni zinaonyesha mpaka ulipo. Mwaka 2020 Andrew Cooper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walieleza roboti yenye urefu wa mita 1.75 na uzito wa kilo 400 hivi, inayotembea ndani ya maabara ya kawaida, kati ya meza zile zile wanazotumia watu. Ilipima unga, ikamimina vimiminika, ikapeleka chupa kwenye mwanga na kisha kwenye mashine ya kupima gesi, ikitafuta mchanganyiko bora wa kutoa haidrojeni kwenye maji. Katika siku 8 ilifanya majaribio 688. Ilikuwa kazini kwa saa 172 kati ya 192, ikatembea kilomita 2.17, na ikapata mchanganyiko uliofanya kazi mara sita zaidi ya ule wa kuanzia. Lakini orodha ya vitu vya kujaribu iliandikwa na wakemia, waliochagua kwa ujuzi wao kipi kinafaa kuingia humo.

Miaka mitatu baadaye maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, ilitangaza kwamba mfumo wake, A-Lab, ulikuwa umetengeneza misombo mipya 41 kati ya 58 iliyokusudiwa, kwa siku 17. Roboti zilichanganya unga, zikauchoma tanuri, zikaupeleka kwenye miale ya eksirei. Robert Palgrave wa London na Leslie Schoop wa Princeton waliyapitia matokeo hayo pamoja na wenzao, na mwaka 2024 wakaandika kwamba hawakuona hata msombo mmoja uliothibitishwa kuwa mpya. Mabishano yalihusu jinsi picha za eksirei zilivyosomwa. Mikono ya kuchanganya na kuchoma ilikuwa imefanya ilichoambiwa. Kilichotiliwa shaka ni hukumu iliyotolewa baada yake, na waliokitilia shaka walikuwa watu waliozoea kuzitazama picha hizo kwa miaka.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake katika jambo hili, ingawa haisimuliwi sana. Jijini Nairobi, maabara ya udongo ya Kituo cha Kimataifa cha Kilimo Mseto cha Misitu, ICRAF, ilijenga chini ya Keith Shepherd utaratibu wa kupima udongo kwa mwanga wa infraredi. Udongo hukaushwa, huchekechwa kwa chekeche la milimita 2, husagwa mpaka uwe unga laini, kisha hujazwa kwenye vishimo vya sahani ya alumini yenye nafasi 96, kila sampuli ikipewa vishimo vinne. Mashine huisogeza sahani yenyewe na kusoma kishimo kimoja baada ya kingine. Kwa njia hiyo maelfu ya sampuli kutoka sehemu mbalimbali za Afrika yalisomwa katika mradi wa taarifa za udongo wa bara hili, jambo ambalo kwa kemia ya chupa na asidi lingechukua fedha na miaka isiyopatikana. Maabara hii inafuata njia ya Skeggs. Badala ya kununua mikono ya kumimina asidi, ilitafuta namna ya kufanya asidi isihitajike kwa sampuli nyingi, ikabakiza chache za kupimwa kwa njia ya zamani ili kuuhakiki mwanga. Kusaga na kujaza vishimo kumebaki kazi inayotaka mtu mwangalifu.

Somo hilo ndilo linalofaa kubebwa na maabara za viwango, za chakula na za Mkemia Mkuu katika nchi hizi. Roboti kubwa ya kumimina huja na mkataba wa matengenezo, ncha za plastiki za aina yake peke yake, na fundi anayepanda ndege kutoka nje. Umeme ukikatika ikiwa imefika kishimo cha 53, lazima pawepo betri ya kuibeba au kumbukumbu ya kueleza ilipoishia. Visipokuwepo, sahani nzima hutupwa na sampuli huenda zikawa zimekwisha. Ncha zikikwama bandarini wiki sita, roboti hufunikwa kitambaa na watu hurudi kwenye pipeti zao. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mashine ghali zaidi ndiyo itakayodumu zaidi.

Kuna njia ya gharama ya chini. Kampuni ya Opentrons ya New York ilitoa mwaka 2018 roboti ya mezani iitwayo OT-2, iliyouzwa kwa chini ya dola 10,000, ambayo programu zake ziko wazi na huandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta ambayo wanafunzi wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaijua tayari. Haina uwezo wa mashine kubwa. Haitasaga mahindi, wala haitaijua tofauti ya chai na parachichi. Lakini kuzimua, kugawa na kuandaa vimiminika vya kulinganishia, kazi zinazoumiza gumba na kuchosha macho, itazifanya, na ikiharibika kijana mwenye bisibisi na subira anaweza kuifungua. Kwa maabara inayopokea sampuli 40 kwa siku, hiyo inatosha kuanzia.

Wengine huhofia ajira, na hofu yao haifai kupuuzwa. Katika nchi ambako kijana mwenye diploma ya maabara husubiri kazi kwa miaka, mashine inayofanya kazi ya watu watatu inaonekana kama adui. Lakini tatizo la maabara zetu halijawahi kuwa watu wengi wasio na kazi ndani yake. Ni mahindi yasiyopimwa, visima visivyopimwa, dawa zinazouzwa bila kupimwa. Muda atakaoupata mtaalamu baada ya kupunguziwa kazi ya pipeti una mahali pa kwenda: kwenye maghala na mipakani, akasimamie namna sampuli inavyochotwa, maana huko ndiko Whitaker alikoonyesha kwamba kosa kubwa huzaliwa. Kumfukuza kazi ili kulipia roboti kungekuwa kutupa sehemu ya ujuzi ambayo roboti yenyewe inaihitaji.

Kwa hiyo, wanaokaa kwenye kamati za zabuni wamwite mtaalamu wa mezani kabla ya kusaini, wamuulize ni hatua gani inayomla siku na kumuumiza mkono, na wanunue kwa ajili ya hatua hiyo. Vipuri vya miaka mitatu na mafunzo ya mafundi wawili wa ndani viandikwe ndani ya bei ile ile, visiachwe kwa bajeti ya mwaka ujao. Na vyuo vinavyofundisha kemia viingize katika masomo ya vitendo kazi ya kuandika programu ya kumimina na kuihakiki kwa mizani, ili anayehitimu aweze kuiamuru roboti na pia kuikagua.